Anayesemwa Hawezi Kuzima Redio

Masomo: Walawi 19:14, Luka 13:1–5, Ayubu 42:7–9



Kuna swali ambalo vijana wetu wamekuwa wakibishania, na nimesikia hata wazee wakilibishania kwa kinyozi: mtangazaji wa redio akisema maneno ya kuudhi hewani, aadhibiwe au aachwe? Wengine wanasema aadhibiwe, tena afutwe kazi siku hiyo hiyo. Wengine wanasema mdomo ni wake, na kama hutaki kusikia si uzime redio. Na sisi tuliookoka tunaongeza letu: je, si tumeambiwa tusamehe?

Swali hili si la mzaha. Huku kwetu redio ni kama mtu wa nyumbani. Iko ndani ya matatu ya kwenda Homa Bay, iko dukani, iko jikoni mama akipika, iko kwa simu ya kijana wa boda. Watoto wanaisikia asubuhi kabla hawajasikia sala ya baba yao. Kwa hivyo leo tulifikirie polepole, Biblia ikiwa wazi mbele yetu.

LILILOTOKEA MACHI 2021

Tuanze na jambo la kweli. Mwezi wa Machi 2021, katika kipindi cha asubuhi kilichoitwa The Lift Off kwenye Homeboyz Radio ya Nairobi, Shaffie Weru na wenzake wawili walizungumzia kesi iliyokuwa kwenye habari wakati huo. Mwanamume mmoja alidaiwa kumsukuma msichana kutoka ghorofa ya 12 ya jumba moja katikati ya jiji. Wawili hao walikuwa wamejuana mtandaoni. Msichana hakufa, lakini aliumia vibaya sana. Redio ikiongea juu yake, yeye alikuwa anauguza mifupa.

Sasa, mngetarajia wamhurumie. Badala yake mazungumzo yakamgeukia yeye. Ikawa ni kana kwamba amejitakia, kwamba wasichana wanajirahisisha mno kwa wanaume wasiowajua, na vicheko vikasikika.

Wakenya walikasirika. EABL, wale watengenezaji wa bia, wakaondoa matangazo yao katika stesheni hiyo. Radio Africa Group, wenye stesheni, wakawafuta kazi watangazaji wote watatu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya nayo ikasimamisha kipindi hicho kwa miezi 6 na kuitoza stesheni faini ya shilingi milioni 1.

Je, ilikuwa haki? Wapo waliosema adhabu ilizidi, kwamba ule ulikuwa utani tu wa asubuhi. Wapo waliosema ilipungua. Tusikimbilie jibu.

KUUDHI NA KUUMIZA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna neno linaloniudhi mimi ninayelisikia. Na kuna neno linalomuumiza yule anayesemwa.

Mtangazaji akicheka kunena kwa lugha, mimi nitaudhika. Akiwaita wahubiri wa Pentekoste watu wa kelele, nitaudhika. Lakini mimi ninaweza kuzima redio. Ninaweza kupiga simu studio nikajibu. Ninaweza kusimama hapa Jumapili, na kipaza sauti changu mwenyewe, nikamjibu kwa saa nzima. Nikitaka mtu huyo afungwe kwa sababu moyo wangu umechomwa, hapo natetea heshima yangu tu, hata kama nitalitaja jina la Mungu.

Mnamkumbuka Mfalme Daudi akimkimbia Absalomu, katika 2 Samweli 16? Shimei alimfuata njiani akimlaani na kumrushia mawe na mavumbi. Abishai akaomba ruhusa akamkate kichwa. Daudi alikuwa na askari na upanga, na kwa macho ya kibinadamu alikuwa na sababu. Lakini alimkataza Abishai, akamwacha Shimei aendelee. Mkubwa aliyetukanwa ana kifua cha kubeba matusi. Kiongozi wa kaunti, mbunge, tajiri, askofu, hata pastor msaidizi, wakitukanwa redioni wana njia ya kujibu. Wasikimbilie fimbo.

Sasa linganisha na Walawi 19:14. Hapo Mungu anakataza jambo linaloshangaza kidogo: kumlaani kiziwi. Jiulize, mbona kiziwi? Kiziwi hakusikii. Ukimlaani hataudhika hata kidogo. Kama kosa la maneno lingekuwa ni kuudhi tu, basi kumlaani kiziwi kusingekuwa kosa. Lakini Mungu anasema ni kosa, na palepale anatukumbusha tumwogope Yeye. Maana yake ni kwamba kiziwi hawezi kujitetea, ila Mungu amesikia.

Yule msichana wa 2021 alikuwa katika nafasi ya kiziwi. Angezima redio ya nani? Hata angezima yake, redio za nchi nzima zingeendelea kuongea juu yake. Anayesemwa hawezi kuzima redio. Hii kwangu ndiyo mizani ya kwanza. Mtangazaji akiudhi masikio yanayoweza kujizima, tumjibu, tumpuuze au tumwombee. Akitumia kipaza sauti kumkanyaga asiye na kipaza sauti, awajibishwe.

MNARA WA SILOAMU

Kuna jambo katika kesi ile ambalo Yesu mwenyewe alilisema karibu wazi. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa. Watu wa siku zile walikuwa na mazoea kama yetu: mtu akipatwa na balaa, wanatafuta alikosea wapi. Yesu akawauliza kama walidhani wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha akawageuzia swali: tubuni ninyi.

Wapendwa, kumlaumu aliyeumizwa kunatupa raha fulani. Tukisema alijitakia, tunajifariji kwamba sisi hayatatupata, kwa sababu sisi si kama yeye. Lakini ni faraja ya uongo, tena inampa aliyeumiza mahali pa kujificha.

Sisi wa Migori na Homa Bay hatuna haja ya kwenda Nairobi kutafuta mfano. Mwaka wa 2018, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo alipouawa, ni kazi ya mahakama kusema nani alifanya nini, na mimi sigusi hapo. Ninagusa midomo yetu. Kabla hajazikwa tulisikia sokoni, kwa matatu na kwa simu: ati alikuwa akitafuta nini huko, ati wasichana wa chuo wanapenda pesa. Mama yake mzazi alikuwa na masikio. Ndugu zake walikuwa na masikio. Aliyelala mochari ndiye aliyekuwa kiziwi.

Sasa chukua maneno kama hayo ya sokoni, uyape mtambo wa redio. Jirani akinong'ona, watu watano wanasikia. Redio ikisema, maelfu wanasikia kwa dakika moja, na kila mwanamume mwenye mkono mwepesi anasikia kwamba nchi iko upande wake. Ndiyo maana Yakobo 3 inasema waalimu watahukumiwa kwa ukali zaidi, kisha ikafananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Mwenye kipaza sauti ni mwalimu, hata kama yeye anajiita mchekeshaji.

MAJIRANI ZETU RWANDA

Tunajua moto huu unaweza kufika wapi. Rwanda, stesheni ya RTLM ilianza mwaka wa 1993 kwa muziki na mzaha, watu wakaipenda, na polepole ikafundisha majirani kuitana mende. Mwaka wa 1994 ikawa inachochea mauaji waziwazi. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake, kifungo cha maisha mwaka wa 2003. Rufaa ya 2007 ikakipunguza kuwa miaka 30. Na sisi wenyewe, baada ya uchaguzi wa 2007, zaidi ya watu 1,100 walipokufa, Tume ya Waki ilisikia malalamiko juu ya stesheni za lugha za mama pia.

Mji wetu una Mjaluo, Mkuria, Mkisii, Mluhya na Msomali, na wote wananunua mboga soko moja. Mtangazaji anayemwita jirani yako mdudu hatoi maoni, anawasha kiberiti ndani ya nyumba ya nyasi. Katiba yetu ya 2010 inalijua hilo. Ibara ya 33 inatupa uhuru wa kusema, lakini inasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Hapo sina ubishi: sheria ichukue mkondo wake.

LAKINI NANI ASHIKE FIMBO?

Hapa naomba wale waliokuwa wakisema Amina kwa nguvu wangoje kidogo.

Mnaikumbuka tarehe 30 Januari 2018. Siku ile Raila Odinga alikula kiapo Uhuru Park, na karibu kila nyumba huku kwetu ilitaka kuona. Serikali ikazima Citizen, NTV na KTN. Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, lakini siku kadhaa zikapita kabla hazijarudi hewani. Tena tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano, ile ile iliyotoza faini ya 2021, iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mitambo ikazimwa. Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Mnaona hatari? Mkono uliomtetea msichana mwaka wa 2021 ndio huo huo uliofunika macho ya wananchi mwaka wa 2025. Fimbo haijui nani ni mwovu, inamfuata aliyeishika. Kwa hivyo hatuwezi kumpa mtu fimbo kwa sababu tu leo amempiga tusiyempenda. Na tukumbuke sisi ni watu wa aina gani. Tunahubiri sokoni, tunahubiri redioni, tunasema dhambi ni dhambi. Sheria inayosema kila neno la kuudhi liadhibiwe itafika kanisani kabla ya mwaka kwisha. Stefano aliudhi wasikilizaji wake. Yeremia alitiwa shimoni kwa sababu maneno yake yaliwaudhi wakuu.

Kwa hivyo mizani ya pili ni hii: kosa liwe limeandikwa kabla ya kutendwa, mshtakiwa asikilizwe, na atakayeamua awe anaweza kukatiwa rufaa. Hasira ya mtandaoni haina hata moja kati ya hayo matatu. Hasira inaweza kutambua kosa haraka, hilo sikatai. Lakini haijui kupima, wala haijui kusimama.

FIMBO YA PESA

Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisoma biashara, kwa hivyo nivumilieni niseme kidogo kwa lugha hiyo.

Stesheni ya biashara haiuzi nyimbo. Nyimbo unazisikia bure. Inachouza ni masikio yako, na mnunuzi ni mwenye tangazo. Masikio yakiwa mengi asubuhi, bei ya tangazo inapanda. Ndiyo maana vipindi vingi vya asubuhi vinashindana kwa ukali wa maneno: neno la kuudhi linakusanya masikio, na masikio ni pesa. Mtangazaji anayesema mambo ya aibu mara nyingi anafanya kile alichoajiriwa kufanya, na siku zote alikuwa akipigiwa makofi ofisini. Siku moja anavuka mstari, wenye tangazo wanakimbia, naye peke yake anafungasha virago.

Hapo kuna udhalimu fulani. Kanuni ya biashara ni kwamba aliyekula faida naye abebe hasara. Kwa hilo, Mamlaka ilifanya vizuri kuitoza stesheni yenyewe faini, si wale watatu tu. Meneja, mhariri na mwenye kampuni walijua kipindi chao ni cha namna gani.

Na kuna jambo linalouma zaidi. Katika habari ya 2021, waliojitokeza mapema wakasema hatutatia pesa zetu hapa walikuwa watengenezaji wa bia. Watu wa pombe! Unaweza kusema walikuwa wakilinda jina lao tu, na huenda ni kweli. Lakini walifanya. Sisi tulio na masikio mengi, kila Jumapili, kila mtaa, tunasahau kwamba masikio yetu ndiyo bidhaa. Hakuna stesheni inayoweza kutuuza tukikataa kukaa kwenye kikapu.

AYUBU AWAOMBEE

Tufike kwenye msamaha, maana najua swali hilo linangoja.

Ayubu alikuwa na marafiki watatu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walimkuta amekaa majivuni, amepoteza watoto, mwili umejaa majipu. Nao wakaongea, sura baada ya sura, wakimwambia kwa namna mbalimbali kwamba amejitakia. Kipindi kirefu kuliko chochote cha asubuhi.

Sasa fungua Ayubu 42, kuanzia mstari wa 7. Mungu anasema hasira yake imewaka juu ya Elifazi na wenzake wawili kwa sababu ya waliyoyasema. Hakusema ni maneno tu. Hakusema walikuwa na nia njema. Aliwatoza: ng'ombe dume 7 na kondoo dume 7. Hiyo ni mali, si faini ya kuchekesha. Lakini tazama wanatakiwa waipeleke wapi. Waende kwa mtumishi wangu Ayubu, na Ayubu atawaombea. Wampelekee yule yule waliyemsema. Wasimame mbele ya vidonda vyake, wamtazame usoni, na wasubiri kinywa chake. Mungu akakubali maombi ya Ayubu.

Hapo naona adhabu ya kimungu kwa midomo: inagharimu, na inamrudisha mkosaji kwa aliyeumizwa. Wala haiishii kwa kumtupa. Elifazi hakutupwa.

Pima adhabu zetu kwa hiyo. Kumfuta mtu kazi ni rahisi. Anaondoka, kesho mwingine mwenye ulimi ule ule anachukua kiti. Faini inaingia kwa serikali, na aliyeumizwa anabaki na bili ya hospitali. Ningependa tuone kitu kingine zaidi: mtangazaji aombe radhi hewani, saa ile ile na kwa urefu ule ule aliotumia kumkejeli mtu, stesheni isaidie matibabu ya yule aliyesemwa kama bado anaugua, dakika za tangazo zitolewe bure kwa wanaowasaidia wanawake waliopigwa. Akikataa hayo, basi kiti akiache. Kusamehe hakumaanishi kumrudishia mtu kipaza sauti siku hiyo hiyo. Unaweza kumsamehe dereva mlevi na bado ukamnyima funguo za matatu.

Na tujihadhari: msamaha si wangu mimi kuutoa kwa niaba ya msichana. Ayubu ndiye aliyeomba, si majirani wa Ayubu. Wakristo tunapenda kutangaza msamaha kwa jeraha lisilo letu.

KIPAZA SAUTI CHETU

Nimalizie nyumbani, kwa kuwa 1 Petro 4:17 inatuambia hukumu huanzia hapo. Kipaza sauti cha kanisa nacho ni kipaza sauti. Kinasikika mpaka barabarani. Mhubiri anayemtaja binti aliyepata mimba, hata bila jina, huku kanisa lote linajua ni nani, amemlaani kiziwi. Binti yule hawezi kusimama kwenye benchi akajibu. Shuhuda anayesimulia ndoa ya jirani mbele ya watu kwa kisingizio cha ombi la maombi, amemlaani kiziwi. Msimamizi wa kikundi cha WhatsApp anayeacha video ya aibu ya mtu izunguke, naye ana stesheni yake ndogo.

Kama tunataka Mamlaka ya Mawasiliano iwe na kanuni, na sisi tuwe na kanuni madhabahuni: asiyekuwepo asisemwe vibaya, aliyeumizwa asiulizwe alikuwa amevaa nini, anayekosea kwa kipaza sauti atubu kwa kipaza sauti.

Basi jibu langu kwa vijana ni hili. Ndiyo, mtangazaji aadhibiwe, lakini si kwa sababu ameniudhi mimi. Aadhibiwe akimwumiza asiyeweza kujibu au akichochea damu. Aadhibiwe kwa sheria inayojulikana, si kwa kelele. Na adhabu hiyo imlete karibu na aliyemwumiza, isiwe tu ya kutufurahisha sisi tunaotazama.

Maswali ya kikundi cha nyumbani wiki hii:

1. Kwa nini Mungu alikataza kumlaani kiziwi ilhali kiziwi hasikii?
2. Ni kipindi gani cha redio kinachosikika nyumbani kwako ambacho usingependa kikuzungumzie wewe ukiwa hospitalini?
3. Kuna mtu umewahi kumsikia akisemwa vibaya mbele ya watu, na hakuwepo? Unaweza kumtembelea wiki hii?

Bwana aweke mlinzi kinywani mwetu, na awape sauti wale tuliowanyamazisha. Amina.